Wi-Fi imeshika lakini ukurasa wa kuingia unagoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninafunga na kutunza Wi-Fi za vocha: hosteli za wanafunzi, gesti, maduka ya mtaani yanayouza intaneti kwa saa. Simu nyingi ninazopigiwa hazihusu kasi. Zinahusu ule ukurasa wa kwanza, unaoomba namba ya vocha au jina na nywila, pale unapokataa kufunguka au unapoleta namba kama 403 na 502. Nimejibu kwa urefu kwa sababu makosa haya huwafanya watu wabahatishe. Mmoja anazima rauta, mwingine anafuta simu nzima, mwingine ananunua vocha ya pili, na wakati wote huo maandishi yaliyo kwenye kioo yameshasema tatizo limekaa wapi. Maswali ya mwanzo ni ya mtumiaji. Yanayofuata ni ya anayesimamia seva, yaani kompyuta inayotoa ukurasa huo.

Alama ya Wi-Fi imejaa, lakini ukurasa wa kuingia hautokei kabisa. Kwa nini?

Ukurasa ule hautokei wenyewe. Simu ndiyo inayouita, kwa kuuliza swali dogo kila inaposhika mtandao mpya. Android huenda connectivitycheck.gstatic.com na kutarajia jibu tupu lenye namba 204. iPhone huenda captive.apple.com na kutarajia neno "Success". Windows 10 na 11 huenda www.msftconnecttest.com kusoma maneno "Microsoft Connect Test". Rauta ya vocha hulikatiza swali hilo njiani na kujibu kwa kukuelekeza kwenye ukurasa wake. Simu ikiona jibu si lile ililotarajia, inajua kuna mlango wa kupitia, na hapo ndipo kidirisha kinafunguka.

Kwa hiyo chochote kinacholificha swali hilo kinauficha na ukurasa. Anza kwa kuzima VPN, programu inayopitisha mtandao wako kwenye njia yake ya siri. Kisha, kwenye Android 9 na kuendelea, tafuta mpangilio wa DNS ya faragha (DNS ni huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba). Ikiwa mtu aliwahi kukuwekea jina la seva pale (wengi huwekewa ili kuzuia matangazo), simu itang'ang'ania kwenda kwenye seva hiyo peke yake kupitia mlango wa 853 (mlango ni namba ya kuingilia kwenye seva), na rauta haiwezi kukuruhusu kufika huko kabla hujaingia. Rudisha kwenye hali ya otomatiki. Mwisho, zima data ya simu kwa dakika moja, kisha fungua kivinjari na uandike neverssl.com.

Kwa nini neverssl.com? Mimi huwa naandika Google au Facebook.

Kwa sababu rauta inaweza kukuelekeza kwingine pale tu mazungumzo yanapokuwa wazi, yaani http bila "s". Google na Facebook hufunguka kwa https tu, na kivinjari chako kimeshaagizwa kutokubali njia nyingine. Rauta ikijaribu kuingilia kati, kivinjari kinaona mtu asiye Google anajifanya Google, kinafunga. Tovuti ya neverssl.com imetengenezwa makusudi kubaki wazi ili itumike kwa kazi hii.

Kivinjari kinasema muunganisho si wa faragha. Nibonyeze "endelea"?

Tazama kwanza jina lililo kwenye upau wa anwani.

Kama ni jina la benki yako, barua pepe au tovuti yoyote uliyoizoea, usiendelee. Huenda ni rauta tu inayojaribu kukupeleka kwenye ukurasa wake kwa njia isiyofaa, lakini wewe huna namna ya kumtofautisha fundi mzembe na mwizi. Funga ukurasa huo, fungua neverssl.com.

Kama ni jina la ukurasa wa kuingia wenyewe, angalia tarehe ya simu yako. Simu iliyoishiwa chaji kabisa mara nyingine huamka na tarehe ya miaka iliyopita, na cheti cha usalama kizima kinaonekana kibovu. Ukiona NET::ERR_CERT_DATE_INVALID na tarehe yako ni sahihi, basi cheti cha mwenye mtandao kimekwisha muda. Mwambie. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt, ambavyo wengi wetu tunatumia, hudumu siku 90, na mfumo wa kuvihuisha ukikwama hakuna anayegundua mpaka siku ya 91.

Na hili nalisema kwa uzito: namba ya siri ya pesa za simu haiandikwi kwenye ukurasa wa Wi-Fi, hata uwe na rangi na nembo unazozijua. Ukurasa unaomba namba ya simu. Namba ya siri unaiandika kwenye ombi linalotoka kwenye laini yako. Ukurasa wowote unaoiomba moja kwa moja, ondoka.

Nimeletewa "403 Forbidden". Nimekosea nini?

Mara nyingi hujakosea kitu. Namba 403 ina maana kwamba ulifika kwenye seva, ikakusikia, ikaelewa unachotaka, ikakataa kukupa. Hiyo tayari ni habari nzuri, kwa kuwa njia ni nzima, seva iko hai. Haina uhusiano na nywila yako kuwa mbaya. Seva inayotaka ujitambulishe kwanza hujibu 401, na ukurasa wa vocha kwa kawaida huandika tu kwamba namba si sahihi.

Kwa upande wako kuna sababu tatu ninazokutana nazo kila wiki. Ya kwanza ni data ya simu. Laini na Wi-Fi zikiwa zimewashwa pamoja, na Wi-Fi bado haina intaneti, simu inaamua kupitia laini. Ombi lako linafika kwenye seva likitokea nje, wakati seva imeagizwa kupokea watu waliomo ndani ya jengo tu. Ya pili ni VPN, kwa sababu hiyo hiyo. Ya tatu ni kiungo cha zamani: watu huhifadhi anwani ya ukurasa wa kuingia, na ndani yake kuna tokeni ya kikao cha juzi, yaani alama ya kuingia iliyokwisha kazi. Futa kila kitu kilicho baada ya alama ya kuuliza kwenye anwani, au achana na kiungo hicho, isahaulishe simu mtandao huo, kisha uunganishe upya.

Ukifanya yote matatu na 403 ikabaki, na jirani yako anaipata vilevile, tatizo liko kwenye seva. Usiendelee kubonyeza. Mifumo mingine huhesabu majaribio na kukufungia kwa muda.

Na 404?

Seva ipo, ukurasa huo haupo. Umekosea herufi, au mwenye mtandao amebadilisha jina la faili. Anza upya na neverssl.com.

"Connection refused" na "timed out" zina tofauti gani? Zote si ukurasa haufunguki?

Tofauti ni kubwa, na fundi akikuuliza ni ipi kati ya hizo hakusumbui. Chukulia umekwenda nyumba ya mtu ukapiga hodi. Refused ni mtu kutoka na kukwambia papo hapo kwamba mlango huu haupokei wageni: mashine ipo na imewaka, ila programu ya wavuti haijasimama kwenye mlango ulioutaja. Timed out ni kupiga hodi mpaka uchoke bila sauti. Labda umekosea nyumba, labda wamelala, labda kuna ukuta njiani unaomeza hodi zako.

Angalia pia namba iliyo baada ya nukta pacha kwenye anwani. Kurasa hizi nyingi hazikai kwenye mlango wa kawaida: kati ya mifumo inayozitoa, CoovaChilli hutumia 3990, pfSense huanzia 8002, FortiGate hutumia 1000 kwa http na 1003 kwa https. Nimeona watu wakiifuta namba hiyo wakidhani ni uchafu. Iache.

Ikiwa simu yako imepewa anwani inayoanza na 169.254, hukupewa anwani yoyote na rauta. Simu imejipa yenyewe. Hapo hakuna ukurasa utakaofunguka. Kata Wi-Fi, washa tena, na ikirudia mwambie mwenye mtandao kwamba huenda anwani zake zimeisha.

Jana niliingia vizuri. Leo inasema vocha yangu inatumika na kifaa kingine.

Mara nyingi kifaa hicho kingine ni simu yako mwenyewe. Mtandao hukukumbuka kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa kwenye Wi-Fi), na tangu Android 10 na iOS 14 simu hujitungia anwani ya bandia kwa kila mtandao ili isifuatiliwe. Ni jambo jema kwa faragha yako. Lakini ukisahaulisha mtandao kisha ukaunganisha tena, au mwenye gesti akibadilisha jina la Wi-Fi, waweza kupata anwani mpya, na seva inakuona mgeni uliyebeba vocha ya mtu. Kwa mtandao unaoutumia kila siku, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo moja na uchague anwani halisi ya kifaa. Kwa mitandao mingine yote acha ilivyo.

Nimelipa kwa simu, pesa imekatwa, vocha haijaja.

Usilipe mara ya pili. Tunza ujumbe wa muamala; namba yake ndiyo ushahidi wako.

Kinachotokea ni hiki. Ukishaweka namba ya siri, kampuni ya simu inaitumia seva ya vocha taarifa kwamba pesa imeingia. Taarifa hiyo inasafiri kutoka kwenye seva zao kwenda kwenye seva ya mwenye Wi-Fi, bila kupitia simu yako. Ikikuta mlango umefungwa, cheti kimekwisha, au ukuta wa moto (kinga inayochuja wanaoingia) unaojibu 403 kwa mgeni yeyote asiyemjua, pesa imeshaondoka na vocha haizaliwi. Msimamizi, fungua kumbukumbu za seva utafute maombi ya POST (yanayoleta taarifa kwenye seva) kwenye anwani hiyo ya taarifa. Ukiona 403 au 401 mbele yake, wateja wako wanalipia kosa lako. Tena andaa njia ya kuuliza hali ya muamala upya baada ya dakika moja au mbili, maana kutegemea taarifa moja ifike ni kumwachia mteja hasara ambayo si yake.

Mimi ndiye msimamizi. Wateja wote wanapata 403 tangu asubuhi. Nianzie wapi?

Kwenye faili la kumbukumbu za makosa, kabla ya kugusa kingine. Kama programu yako ya wavuti ni Apache, kwenye Ubuntu na Debian (aina za Linux) ni /var/log/apache2/error.log, kwa nginx ni /var/log/nginx/error.log. Fungua ukurasa kwa simu yako huku ukilitazama faili, na mstari utakaotokea sekunde hiyo ndio jibu. Apache ina namba za kuaminika:

AH01630 ni usanidi wako umemkataa mteja. Tafuta maneno Require kwenye usanidi. Mara nyingi mtu amenakili usanidi wa zamani wenye "Order allow,deny", ambao Apache 2.4 iliubadilisha na "Require all granted" tangu 2012.

AH01276 ni folda ipo lakini haina ukurasa wa mwanzo. Index.html imefutwa, au ulipakia folda ndani ya folda.

AH00035 ni ruhusa za folda fulani njiani. Hii ndiyo iliyonikalisha usiku kucha, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Nilikuwa nimehamisha ukurasa wa hosteli moja kutoka mashine ya zamani yenye Ubuntu 20.04 kwenda mpya yenye 22.04. Mafaili yalikuwa yale yale, usanidi ule ule, na yalikaa ndani ya folda ya mtumiaji chini ya /home. Kila mwanafunzi akapata 403. Nikabadili ruhusa za mafaili kuwa 644, folda 755, kisha kwa kukata tamaa nikaweka 777 kila mahali, jambo ambalo sasa namkataza kila fundi ninayemfundisha. Haikusaidia, kwa sababu kosa halikuwa kwenye mafaili. Kuanzia 21.04, Ubuntu hutengeneza folda ya nyumbani ya kila mtumiaji mpya kwa ruhusa 750 badala ya 755 ya zamani. Seva ya wavuti, inayotembea kwa jina la www-data, ilikuwa inazuiwa kwenye kizingiti cha nje kabisa, haijafika hata kwenye folda niliyokuwa nikiihangaikia.

Amri iliyonionyesha ni namei -l ikifuatiwa na njia nzima ya faili. Inaorodhesha kila folda kuanzia juu na ruhusa zake, na macho yanakwenda moja kwa moja kwenye ile iliyofungwa. Dawa ilikuwa kuhamisha ukurasa kwenda /var/www, ambako ungepaswa kukaa tangu mwanzo.

Kwa wenye AlmaLinux, Rocky au ndugu zake: ruhusa zikiwa sawa na 403 ikabaki, ni SELinux, ulinzi unaotazama lebo za mafaili. Mafaili yaliyohamishwa kwa mv hubeba lebo ya walikotoka. Endesha restorecon -Rv kwenye folda hiyo. Usizime SELinux nzima kwa ajili ya lebo.

502, 503 na 504 zinatofautianaje?

Zote tatu zinasema kwamba seva ya mbele ni nzima na kuna shida nyuma yake. 502 ni seva ya mbele kupewa jibu lisiloeleweka au kukuta hakuna mtu nyuma. Kwenye kurasa za vocha zilizoandikwa kwa PHP, mara nyingi php-fpm (programu inayoendesha PHP) imelala, au umepandisha toleo na jina la soketi (sehemu ambako seva ya mbele huikuta php-fpm) limebadilika: Ubuntu 20.04 ilikuja na PHP 7.4, 22.04 ikaja na 8.1, na usanidi wa nginx bado unaitafuta soketi ya zamani. 503 ni huduma imezidiwa au imesimamishwa kwa muda. 504 ni nyuma kuna mtu ila amechelewa kujibu.

Kabla ya kuchimba zaidi endesha df -h. Diski iliyojaa kumbukumbu za miezi huangusha hifadhidata, na hifadhidata ikianguka ukurasa unaleta 500 au 502 ambazo hazitaji diski hata kidogo.

Ukiona "RADIUS server is not responding" kwenye ukurasa wa rauta ya MikroTik, seva yako ya wavuti haina kosa. Rauta imeiuliza RADIUS, seva inayohakiki vocha, kwenye mlango wa 1812 na haikujibiwa kwa wakati. Hakikisha neno la siri la pande mbili linafanana, kwa sababu seva ya RADIUS ikipata ombi kutoka kwa rauta isiyoitambua hukaa kimya tu. Kama seva iko mbali na njia ni ya polepole, ongeza muda wa kusubiri.

Seva yangu iko nje, kwenye mtandao. Ghafla jengo zima linafungiwa kwa pamoja, kisha baada ya dakika kumi linafunguliwa. Ni nini?

Wateja wako wote wanatoka kwa anwani moja ya nje. Watu watano wakikosea vocha kwa wakati mmoja, fail2ban (programu inayofungia wanaokosea mara nyingi) kule inaona mtu mmoja aliyekosea mara tano na kumfungia, naye ni jengo zima. Hali ni hiyo hiyo kwa kikomo cha maombi kinacholeta 429, yaani maombi yamezidi. Iruhusu anwani ya jengo, na hesabu makosa kwa namba ya vocha au kwa MAC inayotumwa na rauta. Kama njia yako ni ya laini ya simu, anwani ya nje hubadilika na pengine unaichangia na watu usiowajua, hivyo unganisha rauta na seva kwa njia ya siri kama WireGuard na uache kutegemea anwani.

Kila umeme ukikatika, ukirudi ukurasa unaleta kosa la cheti kwa muda, kisha unapona wenyewe. Kwa nini?

Rauta nyingi ndogo hazina betri ya saa. Zikizimika husahau tarehe, na zikiwaka huweza kudhani ni Januari 1970. Wakati huo cheti cha seva yoyote ambayo rauta inataka kuwasiliana nayo kinaonekana hakijaanza kutumika, na vocha zinazohesabiwa kwa tarehe zinavurugika. Ikipata saa sahihi kupitia NTP (huduma ya saa ya mtandaoni), mambo yanatulia. Tatizo hurefuka pale NTP imewekwa kwa jina, na DNS nayo imewekwa kwa njia ya siri inayohitaji saa sahihi. Kila kimoja kinamsubiri mwenzake. Weka angalau seva moja ya NTP kwa anwani ya namba. Na betri ndogo ya kuhifadhi umeme wa rauta na modemu ina faida kuliko usiku wowote wa kurekebisha.

Niruhusu tovuti zipi kabla mteja hajaingia?

Chache kadiri iwezekanavyo: jina la ukurasa wako wenyewe na ukurasa wa malipo kama unao. Kwenye MikroTik orodha hiyo iko chini ya Walled Garden. Ukisahau kuliweka jina la ukurasa wako ulio nje, rauta inamrudisha mteja pale pale anapotoka, na kivinjari kinaleta ERR_TOO_MANY_REDIRECTS.

Kuna mtego hapa ambao huwapata hata wazoefu. Mtu anataka herufi nzuri za Google kwenye ukurasa wake, anaruhusu *.gstatic.com yote. Sasa swali la Android, lile la connectivitycheck.gstatic.com, linapita bila kukatizwa na kujibiwa 204. Simu inaamini ina intaneti, kidirisha hakifunguki, na wateja wa Android wanalalamika huku wa iPhone wakiingia bila shida. Pakua herufi hizo uziweke kwenye seva yako mwenyewe.

Kuna njia ya kisasa ya kuitangazia simu ukurasa bila kuikatizia maswali?

Ipo. RFC 8910 ya 2020, moja ya nyaraka za kanuni za intaneti, inairuhusu rauta itaje anwani ya huduma ya ukurasa wa kuingia wakati inapogawa IP, kupitia chaguo la 114 la DHCP, na Android 11 na iOS 14 kuendelea zinaielewa. Inahitaji https yenye cheti halali na jibu la JSON upande wa seva. Ukiweza iweke, lakini usiondoe njia ya zamani, kwa kuwa simu kuukuu bado ni nyingi.

Nikimpigia fundi nimwambie nini?

Mtumie picha ya kioo kizima, pamoja na upau wa anwani, usiikate. Mwambie saa kamili kosa lilipotokea ili alitafute kwenye kumbukumbu, aina ya simu, na kama aliye karibu nawe anapata kosa hilo hilo. Ficha namba ya vocha kwanza.

Nimeingia, nimemaliza kazi. Nikizima Wi-Fi dakika zinaendelea kuliwa?

Inategemea mwenye mtandao ameweka muda gani wa kumwondoa aliyenyamaza, na kwa vocha za saa mfululizo zinaliwa hata ukizima simu. Kwa vocha za dakika, fungua tena anwani ya ukurasa wa kuingia. Ukiwa umeshaingia itakuonyesha muda uliobaki na kitufe cha kutoka. Bonyeza hicho, subiri ukurasa uthibitishe, ndipo uzime Wi-Fi.